Kiti cha Nyuma cha Pijo

Mokeira alikuwa na pua. Wanawake wengine wa Sosiot, karibu na Kericho, walijulikana kwa kuchuma chai haraka, au kwa kuimba, au kwa ulimi. Yeye alijulikana kwa pua, na kwa miaka kumi na mmoja pua hiyo ndiyo iliyomlisha. Kazi yake ilikuwa kuosha vikombe katika chumba cha kuonja chai cha kiwanda kimoja kilicho juu ya barabara. Mle ndani hamkuwa na sabuni, maji moto tu, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia akiwa amejipaka mafuta ya kunukia, au amekula kitunguu, au nguo zake zimeshika moshi. Waonjaji wenyewe, watu wa suruali zilizopigwa pasi, walimwita mara kwa mara anuse kikombe. Akisema kimepanguswa kwa kitambaa kilicholala na unyevu, walikitupa kitambaa bila kubishana naye.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeolewa na Mageto, fundi wa kunyoosha bodi za magari, mwanamume aliyeweza kula ugali kwa mkono wenye grisi na asione tofauti.

Gari lilifika mwezi wa Agosti, mwaka wa 1993, likivutwa na trekta. Lilikuwa Pijo 404 la meneja mmoja wa zamani wa shamba la chai, na kwa miaka tisa lilikuwa limelala nyuma ya ghala likiwa nyumba ya kuku. Mokeira alilinusa kabla hajaliona. Alikuwa bado anapanda njia kutoka kazini, pua ikamwambia kuna kitu kimeingia bomani. Alipofika alikuta mavi ya kuku yamejaa sakafuni mwa gari kiasi cha kuzamisha kiatu, panya wamejenga ndani ya dashibodi, na chini ya kiti cha nyuma kitu kilichokufa zamani ambacho hakuna aliyetaka kukipa jina. Mageto alisimama kando anatabasamu. Alimwambia kwamba kufikia Krismasi litakuwa barabarani. Mokeira alitapika nyuma ya zizi, akanawa uso, akaingia kupika.

Krismasi ikapita, na nyingine, na nyingine tena.

Haki yake apewe: Mageto hakuwa mvivu. Kila Jumapili aliamka na mpango wa nyumba, na kila mpango aliuanza kwa nia njema kabisa. Jumapili moja ni mifereji ya maji ya mvua, nyingine ni sakafu ya zizi, nyingine ni dohani ya jikoni ili mkewe aache kulia moshi. Shida ni kwamba nyumba na gari vilikula sahani moja, na gari ndilo lililokuwa na mkono mrefu. Mabati ya mifereji yakawa sakafu ya Pijo. Simenti ya zizi iliganda mfukoni wakati mwenyewe amelala chini ya injini. Ukuta wa jikoni ulitobolewa tundu la dohani, na tundu likabaki tundu. Mvua iliingia, moshi haukutoka. Bawaba za mlango wa choo zilikwenda kushika boneti, na kwa mwaka mzima Mokeira alikwenda chooni huku anaimba nyimbo za kanisa ili watu wajue kuna mtu.

Hayo angeyavumilia. Yaliyomshinda ni yale yaliyofika mdomoni na mwilini. Karai la kuogea lilikinga mafuta machafu ya injini, likasuuzwa kwa mafuta taa, likarudishwa bafuni kama halijaenda popote. Sufuria ya maziwa ilichemshiwa kidude cha rejeta, ili fundi aone kama kinafunguka kikipata moto. Na asubuhi moja Mokeira aliweka mswaki mdomoni akaonja petroli. Alikaa kitako mlangoni akatema mpaka mate yakamwisha. Mageto alikuwa ameutumia kusafisha kabureta, na alishangaa sana kuona mkewe analia, kwa sababu alikuwa ameuosha.

Watu walidhani Mokeira ana hasira. Hasira ingemwisha. Alichokuwa nacho ni kinyaa, na kinyaa kiliketi naye mezani, kikalala naye, kikaamka naye. Alifika mahali ambapo kumwona tu mumewe anajipangusa mikono kwenye suruali kulimfanya asukume sahani pembeni.

Siku moja kiwandani walimrudisha nyumbani kwa sababu koti lake jeupe la kazi lilinuka petroli. Tangu hapo aliliweka kwa jirani yake Chelangat, ng'ambo ya ua, akalivaa huko asubuhi na kulivua huko jioni. Chelangat alimtania kwamba hajawahi kuona mwanamke anahamisha nguo zake kwa jirani bila kumwacha mume. Mokeira alicheka, lakini koti hakulirudisha.

Alivumilia kwa ajili ya mzee Onyancha, baba ya Mageto. Mzee aliishi upande wa pili wa Sotik, kwenye milima ya Gusii, na ndiye aliyeuza fahali wake wa pekee ili kijana akajifunze ufundi. Siku ya kuondoka, Mageto alimwahidi kwamba atakuja kumpeleka kanisani kwa gari lake mwenyewe. Tangu hapo ilikuwa imepita zaidi ya miaka ishirini. Sasa goti la mzee lilikuwa limevimba, kanisa lilikuwa mbali, na mwezi wa Agosti 1996 waumini walipanga kumshukuru kwa miaka arobaini ya kuwa mzee wa kanisa. Mageto alisema Pijo litamfuata siku hiyo, hata kama yeye mwenyewe atalazimika kulisukuma.

Na Mokeira alimpenda mzee huyo. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hawakuwahi kupeana mkono, maana chinsoni, ile heshima ya Wagusii kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, haikubali. Mzee haingii nyumba ya mwanawe. Mbele yake Mokeira hawezi kutaja kitanda, wala neno linalokaribia kitanda, na kitu wanacholalia yeye na mumewe mzee hawezi kukigusa. Akikigusa, ni aibu ya kuitiwa wazee, na hata wakishaitwa, wawili hao hawataweza tena kukaa boma moja kwa amani. Mzee Onyancha alikuwa ameacha mambo mengi ya zamani kwa ajili ya kanisa, lakini hili hakuliacha, wala hakuna aliyetarajia aliache. Alikuwa na njia yake ya kuonyesha upendo. Mokeira akija kuwatembelea, na mzee akiwa na ndizi zilizoiva za kumpa, aliziweka juu ya jiwe kubwa lililo karibu na ua wa boma lake, akakohoa, akaenda zake. Mokeira alitoka akazichukua. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiongea.

Jumapili moja ya Julai, Mokeira alitoka kuchuma chai yao ndogo ya nyuma ya nyumba, akaingia chumbani kubadilisha nguo, akakuta kitanda ni mbao tupu. Alitoka nje. Mageto alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi na panga mkononi, godoro lao limekatwa vipande, na anapima kipande kirefu kwenye springi za kiti cha nyuma. Hata kitambaa chake cha mistari ya buluu hakuwa amekibandua. Kiti cha mbele cha abiria hakikuwepo bado. Pale palikuwa mahali pa jerikeni la maji ya rejeta. Yeyote atakayebebwa na gari lile angekalia kile cha nyuma.

Mokeira alilitazama godoro lake mchana kweupe, kwa mara ya kwanza labda tangu arusi. Binti zao watatu walikuwa wamelikojolea kwa zamu, mkubwa mpaka Jerusa kitinda mimba. Yalikuwepo maduara ya njano, moja ndani ya lingine. Palikuwepo jasho la malaria, maziwa yaliyomwagika, na mengine ya mke na mume ambayo mtu hayasemi.

"Baba Jerusa," alisema, "hapo ndipo baba yako atakapokalia."

"Sponji ni sponji, Mama Jerusa. Nitaishona vizuri. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Mageto alinyanyua uso, na pale ikaonekana kwamba hata yeye hakuwa amefikiri. Alikuwa ameona sponji, basi, jinsi alivyoona mswaki akaona brashi. Alikuwa Mgusii kama yeye na alilijua jambo hilo vizuri. Alisema haraka kwamba kipande kile ni cha kupimia tu, kwamba atanunua sponji mpya mjini Kericho kabla ya siku kufika. Aliapa. Mokeira akatandika mkeka juu ya magunia na wakalala hapo majuma matano. Kila jioni aliuliza kuhusu sponji, na kila jioni aliambiwa kesho.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, Mageto alimwambia amebadilisha. Kiti kilikuwa tayari ndani ya gari, kimevikwa kitambaa kizito cha kahawia, mshono umenyooka, misumari midogo imepangwa vizuri ukingoni. Mokeira aliinama akanusa. Gundi ilikuwa mpya na ilimchoma macho. Hakupata kitu kingine. Aliamini, kwa sababu alitaka kuamini.

Sabato asubuhi waliondoka, na lazima isemwe kwamba Pijo liliwaka. Lilipita mji wa Kericho likiwa jeupe kama sahani, likateremka katikati ya mashamba ya chai, na wachungaji wa ng'ombe wakageuka kulitazama. Rejeta ilichemka mara mbili, wakasimama, wakamwaga maji, wakaendelea. Mokeira alikaa nyuma peke yake na kitabu cha nyimbo mapajani. Alifikiria goti la mzee likipumzika kwenye kiti kile, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akahisi mumewe amefanya jambo.

Walipopita Sotik jua liliingia dirishani likalala juu ya kiti. Kitambaa kikapata joto. Harufu ya gundi ikapungua kidogo kidogo, na chini yake nyingine zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, bila haraka: mafuta ya nazi ya nywele zake, dawa ya kusugua kifua ambayo Jerusa alipakwa kila msimu wa baridi, mkojo wa mtoto, jasho la mume wake. Mokeira aliinua mkono aliokuwa ameegemeza kitini akauweka mapajani. Alikuwa amekalia kitanda chake.

"Ulibadilisha sponji?" aliuliza.

"Nilikwambia nilibadilisha."

"Baba Jerusa."

Mageto alimtazama kwenye kioo, kisha akatazama barabara. Akaeleza yote kwa mpigo: kwamba rangi ilimlia siku zote za juma, kwamba alipofika dukani walikuwa wamefunga, kwamba atabadilisha Jumatatu bila kukosa. Alisema hakuna pua nyingine kama yake katika wilaya nzima. Alimwomba amwachie mzee siku yake. Mokeira alimwambia asimamishe gari. Mageto alisema wamechelewa, akaongeza mwendo.

Kwa mzee Onyancha watu walikuwa wamejaa langoni tangu saa mbili. Pijo lilipotokea, wanawake wa kanisa walianza wimbo, wakalizunguka wakiligusa kwa vidole. Mzee Onyancha alisimama mbele ya nyumba yake na koti jeusi, fimbo mkono mmoja, na hanchifu nyeupe imekunjwa pembe tatu kwenye mfuko wa kifuani. Mkewe Nyambeki alikuwa kando yake. Mokeira alishuka akajaribu kumfikia mama mkwe wake amvute pembeni, lakini alishikwa mkono na huyu, akakumbatiwa na yule, akaulizwa habari za watoto, na Nyambeki alikuwa tayari amezungukwa. Kumwita kwa sauti asingeweza. Angesema nini, na mzee yuko hatua nne kutoka pale?

Mageto alifungua mlango wa nyuma. Alikipangusa kiti kwa mkono wa shati lake, akanyooka, macho yamemlowa.

"Baba, karibu ndani ya gari lako."

Mzee alisogea mpaka mlangoni. Aliweka mkono wake juu ya paa la gari, akasema haitakuwa vizuri kupanda bila kushukuru, akavua kofia. Watu wote wakainamisha vichwa na kufumba macho.

Mokeira hakufumba. Aliuona mkono wa mzee juu ya paa, na chini yake kile kiti kinangoja. Alikuwa na muda wa sala moja, na mzee Onyancha hakuwa mtu wa sala ndefu. Alirudi nyuma polepole, akazunguka nyumba mpaka jikoni. Nje ya ukuta lilisimama debe ambalo Nyambeki alilijaza Ijumaa kabla ya jua kutua, la kukandika jikoni Jumapili: mavi ya ng'ombe, mkojo wa ng'ombe na majivu, yakiwa yamechacha na kuumuka, mapovu ya kijani juu na nzi pembeni. Kwa kawaida angefunga pua na kupita mbali. Alilikumbatia kwa mikono miwili. Ujiuji ulimwagikia gauni lake la Sabato, ukamwingia kifuani.

Waliposema "Amina" na kufungua macho, alikuwa amesimama kati ya mzee na mlango wa gari. Akalimwaga debe lote kitini.

Wimbo uliokuwa umeanza ulikufa. Mama mmoja mnene alisema Yesu wangu kwa sauti ndogo. Harufu ikapanda katikati yao.

"Mama Jerusa, una wazimu?" Mageto alisema.

Hakungoja jibu. Alikuwa ameona uji ule unazama kwenye kitambaa chake kipya, na akafanya kile alichokuwa akifanya kwa miaka mitatu: aliokoa gari kwanza. Aliruka ndani, akashika ukingo wa kitambaa kwa mikono miwili, akavuta. Misumari ilifunguka yote. Kitambaa cha kahawia kikatoka kizima mkononi mwake, na chini yake, mbele ya kanisa zima, ikalala mistari ya buluu na nyeupe ya godoro, mistari ambayo kila mtu aliyewahi kulala Kenya anaijua, pamoja na maduara yake ya njano.

Mageto alibaki amepiga magoti ndani ya gari, kitambaa mkononi. Alikitazama kiti kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyekitengeneza. Nyambeki aliliangalia godoro, akamwangalia mwanawe, kisha Mokeira aliyelowa mavi kuanzia kifuani mpaka magotini, na akajifunika mdomo kwa leso. Wanawake wakainama mmoja mmoja kutazama viatu vyao. Mzee Onyancha alikuwa ameshageuza uso kuelekea mlimani tangu mstari wa kwanza ulipoonekana. Mkono wake aliuondoa juu ya paa la gari, akaupangusa kwenye koti.

"Baba Mageto," Nyambeki alisema, "kanisa si mbali. Tutembee."

Kanisa lilikuwa mbali. Lilikuwa ng'ambo ya mto na juu ya mlima mwingine, na siku hiyo mzee alifika mahubiri yakiwa yamekwisha, goti limevimba mara mbili. Lakini alivaa kofia yake, akashika fimbo, akaanza kwenda, na watu wakamfuata.

Alipofika kwenye lile jiwe la ndizi karibu na ua alisimama. Hakugeuka. Alichomoa hanchifu nyeupe mfukoni, akaikunjua, akaitandaza juu ya jiwe, akainyoosha kwa kiganja kama mtu anayetandika meza. Kisha akakohoa, akaenda zake.

Mageto alishuka akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Mokeira alimtazama, naye akaokota kijiti akaanza kuchokonoa matope kwenye matairi. Mokeira akageuza uso. Alikwenda kwenye pipa la maji, akanawa mikono kwa majivu, akanawa tena kwa majani, na bado kucha zilinuka.

Watu walipokwisha kupotea kwenye kona, alikwenda kwenye jiwe akaichukua hanchifu. Aliinusa kwanza, kwa mazoea ya kazi. Ilikuwa na harufu ya sabuni ya kipande na jua, basi. Aliishika hivyo puani kwa muda mrefu, na hakujipangusa nayo.